Si lazima awe daktari

Umeuliza kama anayeongoza laini ya simu ya kuzuia watu kujiua lazima awe daktari wa akili. Hapana ndugu yangu, si lazima. Angalia Samaritans, huduma ya namna hiyo ya Uingereza, aliyeianzisha mwaka 1953 ni Chad Varah, kasisi wa Kianglikana, pale kanisani kwake London. Mwanzoni alikua anapokea simu mwenyewe, watu wakawa wengi akaleta watu wa kujitolea wakae na waliokuja pale wanasubiri kumwona, wawapikie chai, wapige nao stori, akaona wengi wanapata nafuu hapohapo hata kabla hawajamfikia yeye, basi 1954 akawaachia hao kazi ya kusikiliza. Mi kwangu huo ndo uongozi, kukubali sio kila kitu kipite kwako.

Bosi wa hizi huduma ahakikishe wapokeaji simu wamefunzwa, siri za watu hazivuji, mtaalamu yupo hali ikiwa mbaya, na hili watu wanalisahau sana jamani, aliyetoka kwenye simu nzito awe na mtu wa kuongea nae kabla hajarudi nyumbani, maana nae ni binadamu.