Kikohozi cha Mama na Kidonge cha Presha

Hapa Wete, kisiwani Pemba, ukisema una presha, utaambiwa upunguze mawazo. Mawazo yana sehemu yake, sikatai. Lakini mimi ndiye ninayempeleka mama kliniki, na nimeona kuwa anayeelewa kidogo kemia ya presha hababaishwi na vidonge.

Mambo yanaanzia kwenye figo. Mwaka 1898, huko Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman walimdunga sungura maji yaliyokamuliwa kutoka figo ya sungura mwingine, presha ikapanda. Kitu hicho wakakiita renini. Renini yenyewe haibani mshipa wowote. Kazi yake ni ya mkasi. Ini hutoa protini ndefu, angiotensinojeni, inayozunguka kwenye damu bila kumsumbua mtu. Figo zikihisi damu inazijia kwa nguvu ndogo, au chumvi imepungua, humwaga renini, nayo hukata kutoka kwenye protini hiyo kipande cha asidi amino 10, yaani vijenzi 10 vya protini. Hiyo ni angiotensini ya kwanza, bado mpole. Ikifika mapafuni hukutana na mkasi wa pili, kimeng'enya kinachonyofoa asidi amino mbili. Zinabaki 8, na hapo ndipo balaa: angiotensini ya pili hubana mishipa, tena huziamsha tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, inayozizuia figo zisiachie chumvi. Chumvi ikibaki, na maji hubaki nayo. Presha itaacha kupanda?

Mfumo huu si adui. Aliyetokwa na damu nyingi huokolewa nao. Shida ni pale unapofanya kazi bila kuitwa.

Sasa kikohozi. Mama aliandikiwa enalaprili, inayozuia ule mkasi wa pili. Presha ikashuka vizuri, kisha kikaja kikohozi kikavu cha kuwasha koo, usiku ndiyo zaidi. Nyumba ikajaa tangawizi na asali. Jirani akasema ni baridi ya kipupwe. Shangazi akataka dawa iachwe kabisa. Kumbe mkasi ule una kazi nyingine, ya kuvunja bradikinini, kemikali inayotanua mishipa. Ukizuiwa, bradikinini hurundikana, na inaaminika ndiyo inayowasha njia ya hewa. Daktari hakuandika dawa ya kifua. Alimbadilishia losartani, ambayo huiacha mikasi ikate itakavyo, ila angiotensini ya pili hukuta pa kushika pamezibwa. Kikohozi kikapungua taratibu hadi kikaisha.

(Dawa za kundi la enalaprili zilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili, jararaka, iliyoonekana miaka ya 1960 kuilinda bradikinini isivunjwe. Ndipo ikaja kaptoprili. Nilipomwambia mama, alisema astaghfirullah, akaomba maji.)

Basi ukianza kukohoa hivyo na kidonge chako kina jina linaloishia na "prili", rudi kwa aliyekuandikia, usikiache mwenyewe. Midomo, uso au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mjamzito asitumie dawa za kundi la enalaprili wala za kundi la losartani, humdhuru mtoto tumboni. Amwambie daktari mapema abadilishiwe. Na kidonge cha jirani hakiazimwi, hata kama presha zenu zinalingana: huenda chake kinaziba mahali pengine kabisa.

Msimu wa karafuu hunitia wasiwasi zaidi. Watu wanashuka mikarafuuni viungo vinauma, wanameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kama njugu. Dawa hiyo huzuia chumvi na maji mwilini, hudhoofisha dawa ya presha, na ikichanganywa nayo huweza kuumiza figo.

Chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Ng'onda na papa mkavu ndio wanaotumaliza. Sisi papa tunamroweka usiku kucha, maji tunamwaga, na mchuzi wake wa nazi hautiwi chumvi tena.

Ila jihadhari na ile chumvi mbadala "ya wagonjwa wa presha". Nyingi hutiwa potasiamu, na dawa za makundi yale mawili ya presha, kwa kupunguza aldosteroni, huifanya potasiamu isitoke vizuri mwilini. Ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Muulize daktari kabla hujainunua, na umwombe akupime damu aone figo na potasiamu zikoje.