Gari la Zamani la Porini Linapokosa Mafuta: Kabureta Ifunguliwe Mwisho

Mtu anayeanza kutunza gari la zamani la porini, liwe Land Rover Series III au Toyota Land Cruiser FJ40, hukutana mapema na tatizo hili: injini inawaka vizuri ikiwa baridi, inakwenda kwa muda, kisha inakosa nguvu kwenye mlima na hatimaye inazima. Ukisubiri dakika chache inawaka tena kana kwamba haikuwa na shida yoyote. Wageni wengi hukimbilia kufungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kwa sababu ndiyo inayoonekana, na ndiyo yenye skrubu za kurekebisha. Uzoefu wangu unanifundisha kinyume chake: petroli ifuatwe kutoka kwenye tangi, hatua kwa hatua, na kabureta iguswe baada ya sehemu nyingine zote kuthibitishwa kuwa nzima.

Kabla ya hapo, hakikisha kwamba kinachokosekana kweli ni mafuta. Kondensa au koili (sehemu za umeme wa cheche) inayochoka ikipata joto huzima injini kwa namna inayofanana sana na ukosefu wa petroli. Injini ikizima, usiiwashe tena. Toa mpira wa chujio la hewa, chungulia kwenye koo la kabureta, kisha sogeza kwa mkono wenzo wa ekseleta. Ukiona petroli ikiruka kwa nguvu, kabureta ina mafuta, na uchunguzi wako uhamie kwenye umeme. Kukiwa kukavu, endelea kwenye tangi.

Anza na mfuniko. Petroli inapotoka tangini ni lazima hewa iingie mahali pake, na tundu la hewa likiziba kwa vumbi au rangi, tangi hujenga mvuto unaoishinda pampu. Legeza mfuniko mara tu gari linapozima: ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi na injini ikawaka, umepata jibu. Kuna hitilafu nyingine inayojificha nyuma ya dalili hizohizo, nayo ni kutu na takataka zinazovutwa hadi kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea ndani ya tangi. Injini ikizima mvuto unaisha, takataka zinadondoka, na njia inafunguka yenyewe. Tofauti ni kwamba hapa kulegeza mfuniko hakusaidii, ilhali kupuliza hewa kidogo kurudi tangini, mfuniko ukiwa wazi, huleta nafuu ya muda.

Sehemu inayostahili subira zaidi ni bomba lote kati ya tangi na pampu. Magari haya yana pampu ya kimakanika iliyofungwa ubavuni mwa injini, inayosukumwa na kemu (mhimili wenye vinundu ndani ya injini), ambayo huvuta petroli kutoka mbali. Kwa hiyo mpira uliopasuka upande huo mara nyingi hauvuji hata tone. Unaingiza hewa tu, kama mrija wa kunywea uliotoboka. Ndiyo maana kukagua kwa macho hakutoshi. Badilisha mipira yote ya zamani bila kuionea huruma, hasa ikiwa petroli unayotumia ina ethanoli, ambayo hulainisha na kupasua mpira wa enzi zile. Tafuta mpira wenye maandishi SAE J30 R9, unaostahimili mchanganyiko huo. Kwenye pampu yenye kikombe cha kioo, kagua pia gasketi yake, kwa kuwa ikikauka huingiza hewa vilevile.

Sasa ipime pampu. Chomoa waya wa koili usilete cheche, toa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chombo cha chuma, na mwenzako apige stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu yanayofuatana. Ikitoka na mapovu au kwa unyonge, unganisha mlango wa kuingilia wa pampu na kopo dogo la petroli kwa mpira mfupi mpya, kisha rudia. Mapigo yakiwa na nguvu safari hii, pampu haina kosa, na hitilafu iko nyuma yake, upande wa tangi. Jaribio hili ninalithamini kuliko yote, maana linaigawa njia ya mafuta mara mbili kwa gharama ya kipande cha mpira. Fanya kazi hii nje, mbali na moto, kizima moto kikiwa karibu, na usivute petroli kwa mdomo kamwe.

Nusa pia kijiti cha kupimia oili. Kikinuka petroli, huenda kiwambo cha pampu (utando unaosukuma petroli) kimepasuka na mafuta yanashuka kwenye injini; usiendeshe hadi ubadilishe pampu na oili. Usishawishike kufunga pampu yoyote ya umeme iliyo karibu: kabureta inahitaji psi (kipimo cha shinikizo) chache tu, ilhali pampu nyingi za injini za injeksheni hutoa zaidi ya psi 30, ambazo hufungua kwa nguvu sindano ya boya (vali ndogo inayodhibiti petroli inayoingia kwenye kabureta) na kumwaga petroli juu ya manifodi (mabomba ya hewa na moshi ubavuni mwa injini) yenye moto.

Joto nalo huweza kuigeuza petroli kuwa mvuke ndani ya bomba, kwa hiyo hakikisha bomba halipiti karibu na ekzosi.

Ukifika kwenye kabureta kwa njia hii, utajua unachotafuta: uchafu kwenye sindano ya boya, kimo cha boya, jeti (vitundu vidogo vya kupitishia petroli) zilizoziba. Kwenye kabureta aina ya Zenith 36IV ya Land Rover, tazama kama uso wa kifuniko umepinda na kama ringi ndogo ya mpira iliyo ndani imechakaa, kwa sababu hayo huharibu mwendo wa taratibu wa injini gari likiwa limesimama. Na kama ulisafisha tangi, badilisha chujio la petroli tena baada ya safari chache, kwani kutu iliyolegea huendelea kushuka.