Je, roboti anaweza kumbatiza mtoto huko Mirihi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Naandika riwaya ya walowezi Wakatoliki walioko Mirihi mwaka 2190. Padre wao amefariki, mtoto kazaliwa mahututi, na pembeni yupo roboti muuguzi. Roboti akimmwagia maji na kutamka maneno yote sawasawa, ubatizo unashika? Sakramenti nyingine je?

JIBU: Milele na milele, amina. Haushiki. Maji yapo, maneno yapo, anayekosekana ni mhudumu. Kanuni ya 861 ya Sheria za Kanisa inaruhusu, penye dharura, mtu yeyote abatize, hata asiyebatizwa mwenyewe, mradi anuie kutenda kile Kanisa linachotenda. Umempa roboti wako ngeli ya watu, lakini ngeli haimpi nia; mashine hutekeleza ilichopangiwa.

Basi mpe kazi hiyo mama mzazi, au fundi mitambo asiye na dini. Amwagie maji kichwani huku akisema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Akisema "tunakubatiza" ni batili, Roma ilitamka hivyo mwaka 2020. Mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya ule wa dunia, kwa hiyo maji yatatiririka. Tukio likiwa chomboni safarini, maji yatagandamana kama tone kubwa. Mbatizaji ayasukume kwa kiganja yapite juu ya ngozi.

Ekaristi ni ngumu zaidi, maana bila padre hakuna mageuzo, yaani mkate na divai kugeuka Mwili na Damu ya Kristo. Wanaweza kutunza hostia (mikate ya Ekaristi) alizogeuza na kuziacha padre marehemu, na kuzimega: mwanaanga Mike Hopkins alipanda angani na hostia sita mwaka 2013, kila moja imemegwa vipande vinne, zikamtosha majuma 24.

Kitubio, yaani kuungama dhambi, kwa redio usikiandike kabisa. Hata mawimbi yasingechelewa dakika nyingi kufika duniani, ondoleo la dhambi linadai padre na mtubu wawe pamoja. Kinachobaki ni majuto kamili, yatokanayo na kumpenda Mungu, pamoja na azimio la kuungama mara padre atakapopatikana. Hapo ndipo ningeweka uzito wa riwaya.

Ndoa, ajabu, ndiyo rahisi: kwa kanuni ya 1116, ikitarajiwa kwamba padre hatapatikana kwa mwezi mzima, wachumba hufunga ndoa halali mbele ya mashahidi wawili tu. Nao wawe watu.