Usiache klonazepamu ghafla kama nilivyoacha mimi

Nina kovu kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kifundoni hadi karibu na kiwiko. Wengi hudhani niliungua utotoni. Niliungua nikiwa na miaka 31, alfajiri, nikikaanga mahamri nyumbani kwetu Likoni, Mombasa. Ilikuwa siku ya tano tangu niache tembe zangu za klonazepamu, dawa ya kifafa na ya hofu, bila kumwambia mtu. Kilichotokea nimesimuliwa na mamangu: alisikia kishindo, akanikuta sakafuni natikisika, karai limepinduka na mafuta ya moto yanatiririka chini ya mkono wangu.

Kila nikienda kliniki namkuta mtu mmoja au wawili kwenye benchi wanaosema maneno niliyokuwa nikisema mimi wakati ule: "Nimepoa sasa, nataka kupumzisha mwili na dawa." Ndiyo maana naandika.

Kifafa ninacho tangu nikiwa na miaka 19. Hofu ilinijia baadaye, na mara ya kwanza ilinikuta ndani ya feri, nimesimama katikati ya watu na mikokoteni, mlango umeshainuliwa na ng'ambo bado. Moyo ulianza kudunda kama unataka kutoka, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa fupi, nikawa na hakika kwamba nakufa pale pale. Tulipofika ng'ambo ilikuwa imeshanipungua. Ikarudi wiki iliyofuata, kisha nikaanza kuikimbia feri yenyewe.

Kwa mwenye kifafa, jambo hili lina utata wake. Kuna aina ya kifafa inayoanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio, na dalili yake inaweza kuwa hofu ya ghafla tu, ya sekunde chache hadi dakika moja au mbili, pengine na harufu isiyokuwepo au hisia kwamba jambo hili limewahi kutokea. Shambulio la hofu la kawaida hupanda taratibu zaidi, hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, na mtu hubaki anajua kila kinachoendelea. Daktari aliniuliza maswali mengi, akanipima mawimbi ya umeme wa ubongo, akamwita na mamangu aeleze alichokiona kwa macho yake. Akaamua ninayo yote mawili. Ukimweleza daktari hofu yako, mwambie inachukua muda gani, na umpeleke mtu aliyekuona. Mimi peke yangu nisingeweza kueleza nusu yake.

Nilikuwa tayari natumia karbamazepini, dawa ya kifafa. Akaniongezea klonazepamu, nusu miligramu asubuhi na nusu jioni. Wengine wataijua kwa jina la Rivotril. Ni ya ukoo wa benzodiazepini, ukoo mmoja na diazepamu ambayo wazee wetu waliizoea kama Valium. Ndani ya ubongo kuna kemikali inayopoza shughuli za neva, inaitwa GABA, na dawa hizi huipa nguvu. Ndiyo maana tembe moja inaweza kutuliza umeme wa kifafa na pia kutuliza moyo unaodunda ndani ya feri. Na ndiyo maana pia inaleta usingizi, miguu kuwa mizito, na kusahausahau. Wiki mbili za mwanzo nilishona mkono wa gauni la mteja kinyume mara tatu.

Miezi minane ikapita sijaanguka hata mara moja. Feri nikawa napanda. Hapo shangazi yangu akaniambia dawa za kichwa zitanifanya zezeta, na jirani akasema nikizoea sitaziacha mpaka kaburini. Na mimi nilikuwa nimechoka kusinzia juu ya cherehani. Kwa hiyo tembe zilipoisha Alhamisi moja, nikanunua karbamazepini peke yake na kurudi nyumbani.

Siku mbili za kwanza nilijisikia vizuri kuliko kawaida, nikajipongeza. Siku ya tatu usingizi ukakataa kabisa. Ya nne mikono ilitetemeka hadi nikashindwa kutia uzi kwenye sindano, mwanga wa dirishani ukaniumiza macho, na ile hofu ikarudi ikiwa kali kuliko ilivyokuwa kabla sijaanza dawa. Nikadhani ni ugonjwa wangu umerudi. Siku ya tano ndiyo ile ya mahamri.

Daktari alinieleza baadaye kwa nini ilichelewa. Klonazepamu hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake huchukua saa 30 hadi 40 kutoka. Kwa hiyo ukiiacha leo, mwili unakula akiba kwa siku kadhaa, nawe unajidanganya kwamba huihitaji tena. Wakati huo ubongo ulishazoea kuwa na breki ya ziada na ukapunguza breki zake wenyewe. Akiba ikiisha, gari limo kwenye mteremko. Hata mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa, aliyepewa dawa hii kwa hofu tu, anaweza kuanguka kifafa akiikata ghafla. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru benzodiazepini zote zibebe onyo kali zaidi juu ya jambo hili, pamoja na hatari ya kuzitumia vibaya na kuzizoea.

Nilichojifunza kwa ngozi yangu ni kwamba kutaka kuiacha si kosa. Kwa hofu hasa, hii si dawa ya kukaa nayo miaka bila kuuliza. Majaribio yaliyofanywa ilipopimwa kwa ugonjwa wa hofu hayakuzidi wiki 9, na madaktari wengi hupendelea kuitumia kwa muda mfupi huku dawa ya aina nyingine au mazungumzo ya ushauri nasaha yakifanya kazi ya kudumu. Kwa kifafa nako, kuna watu ambao nguvu yake huwapungua baada ya miezi michache. Kwa hiyo muulize daktari wako waziwazi: nitaitumia mpaka lini, na tutaitoaje? Mimi sikuuliza, na yeye hakuniambia. Safari hii tunapunguza robo ya miligramu kwa wakati mmoja, kisha tunakaa wiki kadhaa kabla ya kushuka tena. Nikianza kukosa usingizi, tunasimama pale pale tulipo. Mpango wako unaweza kuwa wa polepole kuliko huo. Usiuchukue wangu.

Nina daftari. Kila nikimeza naweka alama, na pembeni naandika saa nilizolala na kama nilishikwa na hofu. Ni daftari la mtoto wa shule tu, lakini limenisaidia kuliko kumbukumbu yangu, maana dawa yenyewe inasahaulisha, na mtu aliyesahau kama amemeza huweza kumeza mara mbili. Ukikosa dozi, imeze ukikumbuka. Lakini ikiwa saa ya dozi nyingine imekaribia, iache hiyo iliyopita. Usiunganishe mbili. Na usisubiri tembe ya mwisho ndipo uende dukani, kwa sababu karatasi ya daktari inatakiwa na si kila duka litakuwa na dawa hii. Mimi nikibakiwa na za siku kumi naanza kutembea.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji maneno yake. Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na naomba mtu yeyote asimtie aibu mgonjwa kwa ruhusa aliyopewa na Mola wake. Mwaka wa kwanza nilifunga kimyakimya na nikawa nameza zote wakati wa futari. Nililewa kama mtu aliyepigwa kichwani, sikuamka daku, na mchana nikawa sina kitu. Sasa naenda kwa daktari mwezi wa Shaabani. Klonazepamu, kwa kuwa inakaa muda mrefu, ilipangwa futari na daku bila shida. Karbamazepini ya kawaida ndiyo iliyotusumbua, ikabidi nihamishiwe ile inayoyeyuka polepole. Na bado mwaka juzi hakuniruhusu, sababu ya usingizi: kukesha, tarawehe, kuamka daku, kulala saa nne tu. Kukosa usingizi huamsha kifafa haraka kuliko njaa. Nililipa siku zangu baadaye. (Wanaotafuna muguka, aina ya miraa, usiku kucha kisha wakashangaa kuanguka asubuhi, sababu ni hiyo hiyo.)

Pombe sinywi, lakini nitasema kwa anayekunywa: pombe na dawa hii zote hupunguza pumzi, na zikikutana zinaweza kuisimamisha. Hatari hiyo hiyo iko kwenye dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na tangu 2016 onyo lake limeandikwa kwa nguvu kwenye maelezo ya dawa huko Marekani. Usidhani hilo ni jambo la hospitali kubwa tu. Tramadoli, ambayo ni ya jamii hiyo, inauzwa mitaani kwetu, na dawa ya kikohozi yenye kodeini nayo imezagaa. Tramadoli ina ubaya wa ziada kwetu, maana yenyewe inaweza kuamsha kifafa. Hata dawa za mafua zile zinazolewesha, muulize mfamasia kwanza. Mimi husema neno moja tu dukani: "Nina kifafa na natumia klonazepamu." Wakati mwingine watu kwenye foleni hugeuka. Waache wageuke.

Kugawa ndilo jambo linaloniuma zaidi. Shangazi huyo huyo aliyeniogopesha alikuja siku moja amefiwa, halali, akaniomba "nusu tembe tu, mwanangu". Ni vigumu kumnyima mtu mzima aliyefiwa. Lakini ana miaka sabini, anaamka usiku kwenda haja, na mzee akipepesuka akavunjika nyonga, sisi tutasema ni umri. Nilimshika mkono, nikalala naye usiku ule, asubuhi tukaenda zahanati pamoja. Pia vidonge vya ukoo huu vina soko; hapa Pwani vijana huviita bugizi, na kijana wa nyumbani akijua ulipovificha utajikuta na kopo tupu. Zangu ziko kwenye kisanduku cha kufuli, na ufunguo anao mamangu. Watoto nao usiwasahau: tembe ni ndogo na nyingine zina rangi.

Kombe, yaani aya za Qurani zinazoandikwa kisha zikasuuzwa kwa maji ya kunywa, niliandikiwa, nikanywa, na sioni ubaya. Dua na tembe hazijawahi kugombana tumboni mwangu. Ubaya upo pale anayekutibu anapokuambia uache dawa za hospitali ili za kwake zifanye kazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu, na linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa vizuri. Mimi nilikuwa ndani ya hao, nikajitoa mwenyewe kwa siku tano.

Kwa dada zetu wanaokwenda kufanya kazi Ghuba: dawa hii imo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, na Falme za Kiarabu hutaka kibali kabla ya kuingia na dawa za namna hiyo. Shughulikia kibali kabla ya kukata tiketi, chukua barua ya daktari, na uache tembe ndani ya pakiti yake yenye jina lako. Usikubali wakala akuambie uzitupe uwanja wa ndege na kuanza upya huko. Umeshasoma siku yangu ya tano.

Nyumbani kila mtu anajua la kufanya nikianguka. Anatazama saa, anasogeza vitu vya moto na vyenye ncha, ananilaza ubavu. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kiatu puani, hakuna kunishikilia. Zikipita dakika tano, au nikianguka tena kabla sijazinduka, ni hospitali. Na ikiwa siku yoyote hawawezi kuniamsha, napumua polepole mno au midomo imebadilika rangi, ni hospitali hata kama sikuanguka. Mume wangu nimempa kazi nyingine ya ziada: dawa za kifafa zinaweza kumletea mtu mawazo ya kutaka kufa, na mwenyewe asiyaone kama ni mawazo mapya. Akiniona nimenyamaza kupita kiasi, ana ruhusa ya kumpigia daktari bila kuniuliza.

Sasa niko kwenye robo miligramu, usiku tu. Mahamri nakaanga mamangu akiwa amekaa jikoni, karai liko kwenye jiko la nyuma. Jumatatu nina kliniki, na kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari nimeandika swali moja, kwa sababu mimi na mume wangu tunataka mtoto: je, tumalize kwanza kuishusha hii, na karbamazepini ibaki au ibadilishwe? Nimeanza kuuliza kabla ya mimba, maana najua dada mmoja aliyeona mistari miwili kwenye kipimo akatupa tembe zote siku ile ile kwa kumpenda mwanawe. Kidonge cha foliki asidi, vitamini ya kujiandaa na mimba, nacho nimekiandika, chini ya swali. Mume wangu ameomba ruhusa kazini ili twende pamoja.