Mwanga wangu ulipotelea ukutani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Temeke kaniandikia: "Kaka, simulesheni yangu ya kompyuta inaonyesha mwanga haupotei kabisa ndani ya chipu. Niitume ikatengenezwe?" Niliusoma ujumbe ule ndani ya mwendokasi, pale Magomeni, kifua kikanibana. Swali hilohilo nilikuwa nalo miaka mitatu iliyopita, nikakosa wa kunijibu.

Nilichora njia nyembamba ya kupitisha mwanga ndani ya chipu, ya silikoni nitraidi (silikoni iliyoungana na nitrojeni), unene nanomita 300, upana 800, nikaizungusha kama gamba la konokono hadi ikatimia sentimita 5. Kazi ya usiku huko Sinza, feni nimeigeuzia kompyuta isizimike kwa joto. Kwa hesabu zangu ingepotea desibeli 1 (kipimo cha mwanga unaopotea njiani). Vipimo viliporudi kutoka nje, desibeli 16! Yaani kwenye mia inafika mbili na nusu. Mhadhiri mmoja akaniambia mbele ya wenzangu, "Hayo waachie Wazungu." Sijasahau.

Kilichoniuma zaidi, sikujua umepotelea wapi. Nilikuwa na njia moja tu. Hasara ya kuuingiza mwanga kwenye chipu na hasara ya njia yenyewe zilichanganyika, sikuwa na namna ya kuzitenganisha.

Kompyuta huchora ukuta wa pembeni wa njia laini kama kioo. Ukuta halisi una mikwaruzo ya nanomita chache, na mwanga ukiugusa hutawanyika. Mikwaruzo ikikua mara mbili, hasara ya kutawanyika hukua kama mara nne. Safari ya pili nikapunguza unene hadi nanomita 100, nikatanua upana hadi mikromita 2.8. Ukuta ukawa mfupi, mwanga ukaugusa kidogo. Deni lake ni kwenye kona: njia nyembamba hivyo humwaga mwanga kwenye kona kali, basi nusukipenyo cha kona kilipanda kutoka mikromita 50 hadi milimita 2, chipu ikajaa. Nikaomba pia utando wa silikoni nitraidi uchomwe kwa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, kutoa hidrojeni inayonyonya mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 1,520.

Mwezi jana majibu yamekuja: desibeli 0.2 kwa sentimita. Nililia.

Vijana wenzangu, msiiamini skrini kuliko ukuta. Kebo ya intaneti ya SEACOM, ipitayo chini ya bahari, ilipofika hapa Dar mwaka 2009 tulikuwa wapokeaji. Sasa tuchore vyetu, na tuvichore kwa uangalifu.

Na wewe wa Temeke, usitume bado. Kando ya njia ya sentimita 5 ongeza ya 1 na ya 3, upana uleule, kona zilezile, ili ukilinganisha hizo tatu utenganishe hasara ya kuingiza mwanga na hasara ya njia yenyewe.