Mmoja katika kila elfu: hesabu ya gesti ya Ipagala

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina gesti ya vyumba 14 Ipagala, hapa Dodoma, vyote self (choo na bafu ndani), nalaza kwa shilingi 40,000. Nataka kuongeza vyumba 10 kwa mkopo wa benki. Kijana aliyeniandalia mchanganuo ameandika kwamba mwaka 2024 Tanzania ilipata watalii 5,360,247, na kwamba nikipata mmoja tu katika kila elfu nitakuwa na wageni 5,360 kwa mwaka, kila mmoja akilala siku mbili. Ofisa mikopo ameupenda. Mimi roho inasita, maana tangu SGR, hii treni mpya ya umeme, ianze naona wageni wanaingia wengi ila hawakai. Halafu kijana anashauri nibadilishe bango, niandike loji ya watalii wa michoro ya miambani ya Kondoa. Hesabu hii ni sahihi? Kama si sahihi, nipige ipi? (Mama mwenye gesti, Ipagala)

JIBU: Mama, roho yako imeona kitu ambacho kikokotoo cha kijana hakikuona. Wageni 5,360 mara siku mbili ni malazi 10,720. (Nikisema malazi hapa nina maana ya chumba kimoja kilicholalwa usiku mmoja.) Sasa vyumba 24 mara siku 365 ni 8,760. Yaani hata ukijaza kila chumba kila siku, Krismasi na Idd zikiwemo, bado kuna malazi 1,960 yasiyo na chumba. Kijana anaweza kujitetea kwamba wageni hulala wawili wawili. Zanzibar sawa, na hoteli za safari kule Karatu sawa. Mgeni wa Dodoma wa katikati ya wiki amekuja na begi la kompyuta na barua ya mwaliko wa kikao, analala peke yake. Kama halali peke yake, kitabuni bado ameandikwa peke yake.

Hilo ni kosa la kuzidisha tu, linarekebishika kwa dakika tano. Kosa kubwa liko kwenye ile milioni tano. Namba yenyewe ni ya kweli, lakini ni mafungu mawili yaliyojumlishwa: wageni wa kimataifa 2,141,895 na watalii wa ndani 3,218,352. Mafungu hayo hayahesabiwi kwa njia moja. Wa kimataifa huhesabiwa anapoingia nchini, uwanja wa ndege au mpakani. Wa ndani kwa kiasi kikubwa huhesabiwa getini: anapolipa kiingilio cha hifadhi, makumbusho au kivutio kingine. Familia ya Moshi ikiingia Ngorongoro Jumamosi na Tarangire Jumapili, kila geti limeandika watu wake. Kwa hiyo zinazohesabiwa pale ni ziara, na mtu mmoja anaweza kuwa ziara tatu.

Sasa angalia kitabu chako cha wageni. Ofisa wa halmashauri kutoka Mwanza, siku tatu, amefuata kibali wizarani Mtumba. Mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, amemleta mama yake hospitali ya Benjamin Mkapa. Fundi wa mitambo. Mchungaji wa semina. Kwa tafsiri ya kimataifa ya takwimu za utalii, mgeni ni yeyote aliyesafiri nje ya mazingira yake ya kawaida kwa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu yoyote isipokuwa kwenda kuajiriwa na taasisi ya hapo anapokwenda; akilala ni mtalii, asipolala ni mtembezi wa siku. Kwa tafsiri hiyo karibu kitabu chako chote ni watalii. Lakini hakuna hata mmoja aliyepita kwenye geti la hifadhi, na ile milioni tatu haiwajui. Waliomo kwenye namba ya kijana hawalali kwako, na wanaolala kwako hawamo kwenye namba yake.

Usitegemee pia ule utafiti wa kila mwaka wa watalii wanaoondoka nchini, unaofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii, Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na wenzao. Ni utafiti mzuri, nimeutumia mara nyingi. Unauliza mgeni amelala siku ngapi, wapi, ametumia kiasi gani. Lakini maswali hayo huulizwa kwenye viwanja vikubwa vya ndege na mipakani kama Namanga na Tunduma, na wanaoulizwa ni wageni wa nje. Ofisa wako wa Mwanza hatakutana na karani wa utafiti huo maisha yake yote. Mahali pengine unapoweza kugusa wingi wa wageni wa mji huu ni kwenye makusanyo ya Jiji ya ushuru wa nyumba za kulala wageni. Wenye gesti mnajua wenyewe kwa nini namba hizo huwa ndogo kuliko vitabu.

Basi tunarudi kwenye kitabu chako. Kile kitabu kikubwa chenye jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda. Ndicho chanzo bora cha takwimu za utalii ulichonacho, na kwa bahati mbaya safu inayojazwa vizuri kuliko zote ni ya kabila.

Chukua wiki moja. Namba hizi nimezitunga kwa mfano tu, weka zako. Wiki ya Bunge la bajeti, vyumba 14: Jumapili vimelalwa 9, Jumatatu 12, Jumanne 14, Jumatano 14, Alhamisi 8, Ijumaa 3, Jumamosi 3. Jumla ni malazi 63. Uwezo wako kwa wiki ni 14 mara 7, yaani 98. Ujazo ni 63 kwa 98, asilimia 64. Ukimwonyesha ofisa mikopo asilimia 64 atasema biashara ina nafasi ya kukua. Ukimwonyesha siku moja moja atauliza swali la maana zaidi: vyumba kumi vipya vitalalwa lini? Si Ijumaa, wala si Jumamosi. Alhamisi una vyumba sita vitupu tayari. Vinalalwa Jumanne na Jumatano tu, na hata hapo vinalalwa na wale tu uliowarudisha mlangoni kwa sababu umejaa.

Hao waliorudishwa ndio hawamo kwenye kitabu, na ndio wanaoamua jengo lako. Kitabu kinaandika mauzo, hakiandiki mahitaji. Nunua daftari la kurasa 96, mpe binti wa mapokezi, kila anayeulizia chumba akakosa aandikwe tarehe na saa, ikiwemo aliyepiga simu. Tuseme mmerudisha wanne Jumanne na wanne Jumatano. Ukiwa na vyumba 24 wiki ile ile inakuwa malazi 71 kwa uwezo wa 168. Ujazo unashuka kutoka asilimia 64 hadi 42. Umeongeza malazi 8 kwa wiki, shilingi 320,000, kabla hujatoa umeme, sabuni na mshahara wa mhudumu wa pili. Bunge la bajeti huanza mwanzoni mwa Aprili hadi mwisho wa Juni, tuseme wiki 12: shilingi 3,840,000. Mikutano mingine ya Bunge ni mifupi. Iweke namba hiyo kando ya rejesho la mkopo la miezi 12 na uitazame kwa utulivu. Inawezekana waliorudishwa kwako ni kumi kila siku na si wanne, na hapo nitakuwa wa kwanza kukwambia jenga. Lakini mpaka sasa hakuna anayejua, wewe ukiwemo.

Kwa picha ya mwaka mzima usitumie wastani mmoja. Jumlisha malazi ya kila mwezi, tafuta wastani wa miezi 12, kisha gawanya kila mwezi kwa wastani huo. Kama wastani ni 270 na Mei ulipata 350, Mei yako ni mara 1.3 ya wastani. Kama Desemba ulipata 190, Desemba ni 0.7. Kwa gesti za Dodoma ninazozifahamu, mstari wa namba hizo unapanda na Bunge na kufunga hesabu za mwaka wa fedha Juni, unanyanyuka kidogo siku za Nanenane pale Nzuguni, halafu Desemba mji unakimbiwa, kila mtu kaenda kwao. Arusha kilele ni Julai na Agosti, na Desemba hotelini hupati chumba. Ndiyo maana namba ya taifa, hata ingekuwa sahihi kwa kila hali, isingekupa umbo la mwaka wako.

Tahadhari mbili ukilinganisha mwaka na mwaka. Ramadhani inasogea: mwaka 2024 ilianza kama katikati ya Machi na kuishia Aprili, mwaka 2025 ilikula karibu Machi yote. Pasaka nayo ilikuwa Machi 31 mwaka 2024, ikawa Aprili 20 mwaka 2025. Ukiona Machi imeshuka usikimbilie kulaumu soko. Na mwaka wa uchaguzi mkuu, kama 2020 na 2025, Bunge huvunjwa katikati ya mwaka, kwa hiyo ule mkutano wa Agosti na Septemba unakosekana. Miezi hiyo itoe kwenye ulinganisho.

Kuhusu SGR, unachokiona hujakiota. Safari za treni kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza Julai 25, 2024. Basi kwa barabara ya kilomita kama 450 huchukua saa nane, hivyo hata mtu mwenye kikao cha dakika sitini alikuwa analala, apende asipende. Treni inatumia chini ya nusu ya muda huo. Mwenye kikao saa tano anaweza kufika, kukaa kikaoni, akala nyama choma, akarudi kwake Mbagala usiku uleule. Kwa lugha ya takwimu tumemgeuza mtalii kuwa mtembezi wa siku. Mji unahesabu wageni wengi zaidi, gesti inahesabu malazi machache.

Kipimo chake ni rahisi: gawanya malazi kwa idadi ya wageni. Mfano wa kutunga tena: mwezi mmoja zamani wageni 150, malazi 300, kila mgeni usiku 2. Sasa wageni 195, malazi 273, kila mgeni usiku 1.4. Wageni wameongezeka kwa asilimia 30, malazi yamepungua kwa asilimia 9, na mashuka unafua mara nyingi zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu kila anayeingia anatandikiwa upya. Hapo ndipo unaposema wanaingia wengi lakini hela siioni. Linganisha Agosti 2023 hadi Julai 2024 na Agosti 2024 hadi Julai 2025, na utenganishe wanaotoka Dar na wengine. Wa Mwanza, Mbeya na Kigoma nadhani hawajabadilika sana. Treni ya Dar haiwahusu. Safu ya unakotoka ikijazwa vizuri itakwambia hilo jioni moja.

Kuna badiliko jingine ambalo watu huliweka kwenye treni wakati si la treni. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi walikuja bila familia na wengine wakaishi gesti kwa miezi. Wakapanga, wakajenga, watoto wakahamishwa shule. Sensa ya 2022 ilikuta Jiji la Dodoma lina watu 765,179. Mtumishi yule bado yupo mjini, bado anakula kwa mama ntilie wako wa kona, lakini si mgeni tena. Dodoma imekuwa mazingira yake ya kawaida. Ukiwa na kitabu cha 2018 utamwona, kachukua chumba namba 6 siku arobaini mfululizo. Usimweke kwenye wastani wa siku hizi.

Ongeza safu tatu kitabuni: usafiri aliojia, sababu ya safari, na nani analipa, yeye au ofisi. Anayelipiwa na ofisi hulala kwa idadi ya siku za posho na hajali sana bei. Anayejilipia ataondoka mapema akipata treni. Miezi sita ya safu hizo pamoja na daftari la waliorudishwa itatosha kuandika mchanganuo mpya. Mkopo unaweza kusubiri miezi sita.

Sasa bango. Michoro ya miambani ya Kondoa ni hazina, iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliifanyia kazi tangu miaka ya 1950. Ninaipeleka familia yangu. Lakini ofisi ya Mambo ya Kale iko Kolo, karibu kilomita 180 kutoka hapa, na mtalii wa nje wa kule kwa kawaida anateremka kutoka Arusha kwa kupitia Babati, anaona michoro, anarudi alikotoka au anaendelea na ratiba ya kampuni yake. Lami ya Dodoma hadi Babati imeirahisisha safari hiyo kwa wote, hata ya kutolala kwako. Kwenye watu wa Dodoma wanaokwenda Kolo siku ya Jumamosi kuna biashara ya gari na mwongozaji, si ya chumba, kwa sababu wanalala kwao. Bango liache lilivyo. Ukitaka kuongeza maandishi, andika kwamba risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) inatolewa, na kwamba chai iko tayari saa kumi na moja alfajiri kwa wanaowahi treni.