Alichaguliwa, kisha akanyimwa kiti

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kijiweni Temeke tumebishana sana kuhusu Julian Bond wa Marekani. Inawezekanaje wananchi wamchague mtu, kisha bunge limkatae?

JIBU: Ndugu msomaji, iliwezekana, na hadi leo inauma. Bunge lililomkataa ni la Georgia, ambayo si jimbo la uchaguzi kama Kinondoni au Ilala, bali ni sehemu ya Marekani yenye bunge lake. Bond, kijana mweusi wa miaka 25, alishinda kiti cha Atlanta mwaka 1965, lakini siku ya kuapishwa, Januari 1966, aliambiwa akae kando wenzake wakila kiapo, kisha wakapiga kura 184 kwa 12 kumzuia, kwa kuwa aliunga mkono tamko la kupinga vita vya Vietnam. Wapiga kura, kwa ujasiri ninaouheshimu sana, walimchagua tena mara mbili mwaka huohuo, na mwezi Desemba majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaamua kwamba uhuru wake wa kusema ulivunjwa. Aliapishwa Januari 1967, akaingia Seneti ya Georgia mwaka 1975, na mwaka 1986, alipowania tiketi ya Democratic kwenda Bunge la Marekani, alishindwa na rafiki yake wa siku nyingi, John Lewis.